KEEP: mafunzo ya walezi wa kambo ambao mtoto tayari yuko nyumbani

KEEP, mafunzo ya walezi wa kambo (wanaomlea kwa muda mtoto asiye wao), ilianzia Oregon, Marekani, kwa Patricia Chamberlain na watafiti wenzake. Kozi za kabla ya kupokea mtoto humwandaa mlezi kwa mtoto asiyemjua. KEEP humkuta mtoto keshafika, na kila mlezi huja kikaoni na mkasa wa jana: mkate uliofichwa chini ya godoro, mtoto aliyegoma kulala.

Ni wiki 16, kikao kimoja kwa wiki cha dakika 90, walezi 7 hadi 10 na waendeshaji wawili. Chakula kipo, watoto wana wa kuwaangalia, na aliyekosa kikao hufuatwa nyumbani. Bajeti ikibana, wakubwa hukata hayo matatu kwanza, halafu wanashangaa viti vitupu.

Uzito wenyewe uko kwenye simu ya kila wiki. Mpigaji husoma orodha ya tabia sumbufu thelathini hivi, na mlezi hujibu ndiyo au hapana: je, saa 24 zilizopita mtoto amebisha, amedanganya, amekojoa kitandani? "Wiki hii kanisumbua sana" si jibu, maana mlezi aliyechoka hukumbuka mabaya tu. Utafiti wao ulionyesha kwamba walezi huhimili hadi tabia sita kwa siku. Zikizidi hapo, kila inayoongezeka hupandisha uwezekano wa mtoto kuhamishwa. Anayetaja nane basi anajulikana mapema, kabla hajaomba mtoto achukuliwe, na kikao kinachofuata kinaanzia hapo. Bila simu hiyo, linabaki darasa la kawaida.

Walezi wengi hukwama kwenye chati ya zawadi, ambapo mtoto hupata nyota kwa tabia njema. Wanaandika tabia tano, zawadi mwisho wa mwezi; mtoto anaisusa mapema. Anza na moja inayoonekana kwa macho: "panga viatu mlangoni ukiingia", siyo "uwe na adabu". Nyota papo hapo, zawadi jioni ileile. Na nyota aliyokwisha kuipata usiifute kwa kosa lingine, hata akuudhi vipi. Ukifuta, hana tena sababu ya kutafuta nyingine.

Jaribio kubwa la San Diego, lenye familia 700, lilihusu watoto wa miaka 5 hadi 12, kwa hiyo mwenye kijana aulizie toleo la vijana. Mtoto mwenye majeraha mazito ya nafsi bado atahitaji mtaalamu wake. Kabla ya kujiandikisha, waulize pia nani atapokea simu yako wiki ya 17.