Okidi ya pwani: mmea nyota nne, kitalu nyota mbili

Wauza maua wa Mombasa wakikutajia okidi, mara nyingi wanakusudia ile falenopsisi ya kwenye maduka makubwa: imeviringishwa nailoni, imechanua vizuri, na ukiinusa hupati kitu. Asili yake ni huko Asia ya Kusini-mashariki, na nyingi zinazouzwa zimechaguliwa kwa rangi, si kwa harufu. Hii ninayoizungumzia ni ya hapa hapa kwetu. Wataalamu wanaiita Angraecum eburneum giryamae, kwa ajili ya Wagiriama, na porini hukaa juu ya miti na kwenye mawe ya matumbawe karibu na bahari, Kenya na Tanzania. Jamii nzima ya Angraecum ina aina zaidi ya 200, karibu zote za Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi.

Niliinunua shilingi 1,800 kwenye kitalu cha kando ya barabara. Sikitaji.

Nianze na ua, maana ndilo lililonitoa pesa. Lina vipande vitano vyembamba vya kijani, vimepinda kwa nyuma, kisha mdomo mmoja mweupe pepe, mpana, mnene kama nta. Okidi nyingi mdomo wao huelekea chini; huu umekaa juu. Nyuma yake unaning'inia mkia wa kijani wa sentimita chache, ndani yake mna maji matamu. Ukiliinua ua kwenye mwanga wa taa unaweza kuyaona yamefika wapi.

Mchana usihangaike kulinusa. Subiri magharibi ipite. Mama mkwe wangu, ambaye kwake ua ni asumini na kilua, mengine yote majani, alikuja kubarizi baada ya isha akaniuliza, "Mwanangu, leo umefukiza udi gani?" Nikamwonyesha chungu, akakataa kuamini mpaka aliposogeza pua. Ni utamu mzito wenye ukali wa ndimu kwa mbali, nao huja kwa mawimbi upepo ukigeuka. Chumbani usiliweke, utaumwa kichwa.

Harufu hiyo ya usiku si kwa ajili yetu, ni ya kuwaita nondo, nao wakifika hunyonya ule mkia. Ndugu yake wa Madagaska ana mkia wa kama sentimita 30. Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipouona akaandika, mwaka 1862, kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo mwenyewe wa Madagaska alikuja kuelezwa na wataalamu mwaka 1903, Darwin keshakufa zamani.

Sasa kitalu. Walikuwa wameipanda kwenye mfuko wa plastiki uliojaa udongo mwekundu na samadi, na kijana akanipa maelekezo kwa moyo mkunjufu: "Mama, mwagilia kila asubuhi, itashika tu." Mwanangu, huu si mchicha! Mizizi ya okidi hii ni minene, ya rangi ya kijivu, ikilowa inageuka kijani, na imezoea kupigwa na upepo. Nilipoutoa ule udongo jioni ile ile, karibu nusu ya mizizi ilikuwa imelainika na kugeuka kahawia. Niliikata kwa kisu kilichopitishwa motoni, mmea nikauhamishia kwenye chungu cha udongo chenye matundu, ndani vipande vya makaa na makumbi yaliyolowekwa hadi chumvi ikatoka. Ukishaupanda hivyo usiuchokoechokoe. Haupendi kusumbuliwa mizizi, utanuna msimu mzima bila ua. Maji yawe ya mvua ukiyapata, si ya kisima cha chumvi, na makumbi yakaribie kukauka kwanza. Jua la asubuhi uupe kwa wingi. Wengi huuficha kivulini, unapata majani ya kijani kibichi kabisa na maua hakuna.

Jambo jingine lililowaangusha nyota: nilipouliza mimea inatoka wapi, jibu lilikuwa "tunaletewa." Ipo iliyokuwa bado na magamba ya mti yameshikana na mizizi, majani yamechubuka. Hiyo imeng'olewa msituni, wala huhitaji kuambiwa. Mbegu ya okidi ni vumbi tu, haina akiba ya chakula. Porini hutegemea kuvu ili iote, na maabara huoteshwa kwenye chupa za chakula maalumu, kisha ni miaka kabla ya ua la kwanza. Njia ya mkato ni panga. Mimi nilichukua kichipukizi kilichokatwa kwenye mmea mkubwa uliopandwa pale pale kitaluni, mama yake nimemwona kwa macho yangu. Nawe dai hivyo hivyo, na wakikosa ondoka.

Nyota ya tano mmea wenyewe umeikosa kwa ukubwa: unarefuka hadi mita na zaidi, majani yametanuka pande mbili, na kwenye roshani ya flati utapigana nao kila ukianika nguo. Mwenye baraza au ua wa nyumba, nunua. Binamu yangu wa Muscat keshaniagiza kichipukizi. Nimemwambia okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, aanze kushughulikia vibali, halafu ndipo tuongee nauli.