Carvalho au Pepe: nani alitamba zaidi ughaibuni?

Mabeki hawa wa Ureno wote wawili walitokea klabu ya Porto. Ricardo Carvalho alihamia Chelsea mwaka 2004, Ligi ya Mabingwa akiwa ameshaibeba kwao, akatwaa ubingwa wa Uingereza mara 3: 2005, 2006 na 2010. Beki wa kusoma mchezo huyu. Mpira alikuchukulia kabla hujageuka.

Pepe, mzaliwa wa Brazil, alitua Real Madrid 2007 akakaa miaka 10. Ligi ya Mabingwa? 2014, 2016, 2017. Kasi, ubavu, na hasira pia (kadi nyekundu zake nani asiyezikumbuka).

Ukitaka utulivu, mimi namchukua Carvalho. Kwa makombe ya Ulaya aliyoyabeba ugenini, Pepe yuko mbali. Na 2012 walibeba La Liga, ligi ya Hispania, pamoja, hapohapo Madrid, Carvalho naye akiwa ameshahamia huko.