Pawabenki ya zawadi kutoka Mwanga: taa nne nje, mchanga ndani

Msinunue. Ni pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ya duka moja la simu hapa Mwanga, Kigoma. Niliichukua siku zile za kuelekea Krismasi, wateja wamejaa hadi barazani, iwe zawadi ya mama mkwe kule Ujiji. Simu yake ya mAh 5,000 ilipanda kutoka asilimia 10 hadi 64, basi, ikakata. Taa zote nne za kuonyesha chaji iliyobaki zilikuwa zinawaka mpaka dakika ya mwisho.

Fundi akaifungua. Seli mbili tu za 18650, yaani vibetri vya mviringo vya kuchajiwa, zimeshikizwa kwa gundi, na pembeni kifuko cha mchanga cha kuongeza uzito. Seli ya aina hiyo, hata iliyo bora, inacheza kwenye mAh 3,500. Kufika 20,000 zinatakiwa sita. Yale maandishi ya boksi yalikuwa uongo tangu kiwandani.

Nikairudisha. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho: "Dada, kitu kikishatoka dukani ni chako. Kwanza si ulishampa mtu?"

Hilo ndilo lililonichoma. Wanajua kabisa. Zawadi inafunguliwa siku ya sikukuu, aliyepewa anaona haya kulalamika, aliyenunua haambiwi kitu. Ndiyo maana mizigo mibovu inatolewa msimu huu.

Kabla hujaifunga kwenye karatasi, itumie mpaka iishe kabisa, halafu ichaji kwa chaja ya ampea 2. Ya 20,000 ya kweli inakula saa nane na zaidi. Ikijaa kabla hazijapita saa tatu za kuchaji, irudishe siku hiyohiyo, boksi likiwa bado zima. Itikise karibu na sikio pia. Mizani usiiamini, mchanga nao una uzito. Na muuzaji aandike siku za waranti kwenye risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) kabla hujatoa hela; akisita, ondoka.

Haki yao niwape: ile ya mAh 10,000 ya dukani hapohapo, ya miezi kadhaa nyuma, mpaka leo inajaza simu ya 5,000 karibu mara moja na nusu. Nilikuwa nataka kusema chukueni ndogo, kubwa muiache. Lakini mama alikaa na ile takataka wiki nzima, kila nikimuuliza ananijibu, "Inanitosha, mwanangu," na simu yake imezima. Hapana. Hata hiyo ndogo, nunueni kwingine.