Jioni nne za historia ya utumwa wa Marekani: maoni ya mshiriki kutoka Dodoma

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya jioni yanayotolewa na kituo kimoja cha masomo ya ziada hapa Dodoma, kuhusu namna mgogoro wa utumwa ulivyoifikisha Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa jioni nne, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili usiku, na darasani tulichanganyika wanafunzi wa kidato cha sita, walimu wa sekondari na watumishi wa umma kama mimi, ambao tuliagana na historia siku tuliyokabidhi karatasi ya mtihani wa mwisho. Wenzangu kadhaa kazini wameniuliza kama mafunzo hayo yanastahili ada yake. Yanastahili, ingawa yapo mambo ambayo ningeomba kituo kiyarekebishe kabla ya kuandikisha darasa jingine.

Jioni ya kwanza mwalimu aliingia na kipande cha nguo ya marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa, akakipitisha mkono kwa mkono kabla hajasema neno. Kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa, kikikwaruza kidogo kwenye ncha za vidole. Kisha akatuuliza jina la nguo hiyo limetoka wapi. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, waliileta Unguja enzi za Sayyid Said, aliyefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kutoka pwani wapagazi waliibeba kwa doti hadi huku Ugogo, ambako watemi waliipokea kama hongo ili misafara ipite na kupata maji. Pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na majimbo mengine ya Kaskazini ilikuwa imelimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Nimekulia Mvumi na habari za hongo nimezisikia tangu utotoni, lakini haikuwahi kunijia kwamba shuka aliyojitanda mtemi wa kwetu huenda ilianzia katika shamba ambalo mvunaji wake alikuwa mali ya mtu. Vita vilipozuka, nguo hiyo iliadimika Unguja na nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na India.

Kutoka kwenye kitambaa tuliingia kwenye hesabu. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake, na kilimo kilichoonekana kuwa na faida ndogo kikageuka kuwa uti wa mgongo wa Kusini. Uingizaji wa watumwa kutoka nje ulipigwa marufuku mwaka 1808, lakini waliokuwa takriban 700,000 mwaka 1790 walikaribia milioni 4 mwaka 1860, kwa kuwa mtoto wa mtumwa alizaliwa mtumwa na biashara ya ndani iliendelea kutenganisha familia.

Jioni ya pili ndiyo iliyonishawishi kuandika maoni haya. Mwalimu alichora ramani ubaoni, akapiga mstari wa chaki kwenye latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30, yaani mpaka uliowekwa na mapatano ya mwaka 1820: Missouri iliruhusiwa kujiunga kama jimbo la watumwa, Maine kama jimbo huru, na katika sehemu iliyobaki ya ardhi iliyonunuliwa kutoka Ufaransa, utumwa ukakatazwa kaskazini mwa mstari huo. Akaongeza ardhi iliyotwaliwa kutoka Mexico katika vita vya 1846 hadi 1848, na mara moja tukaona ubishi ukifufuka, kwa sababu kila jimbo jipya lilimaanisha maseneta wawili wa upande mmoja au mwingine. Alipofika mwaka 1854, wakati sheria iliyosukumwa na seneta Stephen Douglas ilipowaachia walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kwa kura, aliufuta ule mstari kwa kiganja. Vumbi la chaki likabaki pale kama utepe mweupe hadi mwisho wa kipindi, huku akitueleza jinsi watu wa pande zote mbili walivyomiminika Kansas na kuuana.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliuliza kama si kweli kwamba Kusini ilipigania haki za majimbo tu, yaani kila jimbo kujiamulia mambo yake bila kuingiliwa na serikali kuu. Jibu alilopewa lilikuwa makini kuliko yote niliyoyasikia kwa jioni zile nne. Sheria ya mwaka 1850 kuhusu watumwa watoro ililazimisha hata majimbo huru kusaidia kuwarudisha, na Kusini ndiyo iliyoidai. South Carolina ilipotangaza sababu za kujitenga, Desemba 1860, ililalamika waziwazi kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarejesha watoro. Anayedai haki za majimbo hawezi wakati huohuo kudai serikali kuu iyashurutishe majimbo ya wenzake. Nilitamani vijana wa kidato cha sita waliandike jibu hilo neno kwa neno.

Jioni ya tatu ilikimbizwa. Hukumu ya mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, ambamo Mahakama ya Juu chini ya Roger Taney ilisema mtu mweusi hawezi kuwa raia na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya, ilipewa dakika kumi tu. Uvamizi wa John Brown, mpinga utumwa aliyeshambulia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry, Virginia, Oktoba 1859, ulichukua karibu saa nzima. Frederick Douglass na Harriet Tubman wakasogezwa hadi robo saa ya mwisho, tena umeme ukiwa umekatika na tukiwa tunamulika kwa simu. Hili lilinisikitisha kwa dhati. Douglass alitoroka Maryland mwaka 1838 akawa mhariri na msemaji asiyenyamazishika. Tubman alitoroka mwaka 1849, kisha akarudi mara nyingi kuwatoa wengine. Watoro kama hao ndio waliowanyima wanasiasa usingizi hadi ikatungwa sheria ya 1850, kwa hiyo nafasi yao ni katikati ya somo, si pembezoni.

Jioni ya nne ilitulia zaidi: uchaguzi wa Novemba 1860, ambao Abraham Lincoln alishinda urais kwa takriban asilimia 40 ya kura, akiahidi kuzuia utumwa usienee lakini si kuugusa ulikokuwepo, majimbo saba kujitenga kabla hajaapishwa, na mizinga iliyoanzisha vita katika ngome ya Fort Sumter, South Carolina, tarehe 12 Aprili 1861.

Ukumbi ni safi, ila madirisha ya upande wa barabara hayafungi vizuri, na kwa upepo wa Dodoma wa miezi hii ni vyema kubeba sweta. Ramani tulizogawiwa zilikuwa fotokopi zilizofifia kiasi cha kutosomeka majina ya majimbo. Anayejiandaa kwa mtihani atafaidika, na asiye na mtihani wowote atafaidika zaidi. Nimemwomba mwalimu kwamba darasa lijalo, baada ya kupitisha kile kipande cha marekani, afuatishe moja kwa moja habari za Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika nchi iliyoipa nguo hiyo jina. Amekubali kulifikiria.