Kiwanda cha hariri cha Tomioka, Japani: uzoefu wangu

Ukiwa Tokyo na una siku moja tu ya kutoka nje ya jiji, kila mtu atakuelekeza Nikko au Kamakura. Mimi nitakuelekeza Tomioka, mkoa wa Gunma, kwenye kiwanda cha hariri kilichojengwa mwaka 1872. Kama umewahi kubishana na fundi mwashi juu ya ukuta, usikose.

Usafiri hauna shida. Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Takasaki inachukua kama dakika 50, halafu unahamia treni ndogo ya Joshin kwa dakika 40 hivi hadi stesheni ya Joshu-Tomioka. Kutoka hapo ni kutembea tu, robo saa haifiki. Kiingilio cha mtu mzima ni yen 1,000.

Jengo la kwanza kukutana nalo ni ghala la mashariki, ghorofa mbili za matofali mekundu, urefu wa mita 104. Kwa mbali utasema ni Ulaya. Sogea karibu. Kinachobeba jengo si matofali, ni mbao: nguzo nene zilizokatwa kwenye milima ya jirani, na matofali yamejazwa katikati yake. Paa ni vigae vya kijivu vya Kijapani. Vioo vya madirisha vililetwa kutoka Ufaransa. Matofali yalichomwa na watengeneza vigae wa Kijapani, watu ambao kabla ya hapo kazi ya tofali hawakuwa wakiifanya. Saruji hawakuwa nayo, kwa hiyo waliunga kwa chokaa, ile ile waliyozoea kupakia kuta. Halafu angalia mpangilio: tofali moja limelala kwa urefu, linalofuata limetoa kichwa, hivyo hivyo mstari mzima. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko kawaida ya watalii, nikitafuta mahali palipopinda. Juu ya tao la mlango kuna jiwe lenye mwaka wa ujenzi kwa hesabu yao, Meiji 5, yaani mwaka wa tano wa enzi ya mfalme Meiji.

Michoro ilikuwa ya Mfaransa Edmond Auguste Bastien, aliyekuwa akifanya kazi Yokosuka. Msimamizi wa mradi wote alikuwa Mfaransa mwingine, Paul Brunat, mkaguzi wa hariri huko Yokohama. Serikali ya Meiji ilimwajiri kwa sababu ilikuwa na tatizo la kweli. Tangu bandari ya Yokohama ifunguliwe mwaka 1859, hariri ndiyo iliyokuwa ikiingiza fedha za kigeni, na viwavi wa hariri wa Ulaya walikuwa wakifa kwa ugonjwa, hivyo wanunuzi walikuwa wengi. Wingi wa wanunuzi ukaleta uzembe, nyuzi zikawa mbovu, malalamiko yakaanza. Kiwanda hiki kilijengwa kiwe darasa: wasichana waje wajifunze, warudi kwao wakafundishe wengine. Kinachonifurahisha kwa Brunat ni kwamba hakuagiza tu mashine kama zilivyo. Aliagiza zipunguzwe kimo zilingane na wanawake wa Japani.

Ukumbi wa kukunjua nyuzi ndio roho ya safari nzima. Una urefu wa mita 140 na hakuna nguzo hata moja katikati, paa limeshikwa na kenchi za mbao mwanzo hadi mwisho. Umeme haukuwepo, kwa hiyo madirisha ni makubwa, na juu ya paa kuna nafasi ya kutolea mvuke wa maji ya moto ya kuchemshia vifukofuko, yaani vile viota vya viwavi ambavyo uzi hukunjuliwa kutoka kwake. Walifunga beseni 300 za kukunjulia nyuzi humo, na wakati ule hapakuwa na kiwanda cha aina hiyo kikubwa kuliko hiki duniani. Mashine utakazoziona leo si zile za awali. Ni za karne ya 20, zinazojiendesha, chapa Nissan (ndiyo, hao hao wa magari), zilizobaki tangu uzalishaji usimame mwaka 1987.

Kuna kisa kimoja lazima ukijue kabla hujaingia. Kiwanda kilipotangaza nafasi za kazi, wasichana hawakujitokeza. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Wafaransa wanakunywa damu ya watu, kumbe ni mvinyo mwekundu. Kwa sisi tuliokua tukitishwa na mumiani, hadithi hii haihitaji maelezo. Mkurugenzi wa kwanza, Odaka Atsutada, ilimbidi amwandikishe binti yake mwenyewe, Yu, ndipo wengine wakafuata. Mmoja wao, Wada Ei, binti wa samurai kutoka Matsushiro, aliandika baadaye kwamba alipoliona jengo la matofali alidhani anaota, kwa kuwa alikuwa ameyaona kwenye picha tu.

Walifanya kazi chini kidogo ya saa nane kwa siku, Jumapili mapumziko, na daktari alikuwepo. Nyumba ya Brunat bado ipo. Usije ukadhani viwanda vyote vya hariri vya Japani vilikuwa hivyo. Vya watu binafsi vilivyofuata viliwakamua wasichana vibaya sana.

Ghala la magharibi lilifunguliwa tena mwaka 2020 baada ya ukarabati, na hapo nawavulia kofia. Wamejenga chumba cha kioo ndani ya ghala, na fremu yake ya chuma ndiyo inayoliimarisha jengo dhidi ya matetemeko. Kuta za zamani unaziona zilivyo. Sifa nyingine ni ya kampuni ya Katakura, mmiliki wa mwisho: kiwanda kilipofungwa haikukiuza wala kukibomoa, ikakitunza kwa gharama zake hadi ilipokikabidhi kwa manispaa mwaka 2005. UNESCO walikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014.

Sasa upande wa pili. Mabweni utayaona kwa nje tu, na majengo mengine kadhaa vivyo hivyo. Watoto wadogo watachoka mapema. Anayetafuta dhahabu na nakshi aende kwenye mahekalu. Kama unataka kuona nakala ya injini ya mvuke ya Brunat ikizunguka, ulizia siku na saa kabla hujakata tiketi ya treni, maana haiwashwi muda wote.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa sababu ya hayo mabweni; nilitamani sana kuona walipolala.