Siku Mbili za Kujifunza Kuzamia Ziwa Tanganyika: Mwalimu Hodari, Jedwali la Baharini

Mtanzania anayetaka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa huelekezwa Unguja, Pemba au Mafia, na kwa sisi wa Kigoma hiyo ni safari ya kuvuka nchi nzima kabla hujalowesha unyayo. Ndiyo maana niliposikia kwamba nyumba moja ya wageni iliyoko ufukweni, nje kidogo ya mji, imeanza kufundisha kazi hiyo Jumamosi na Jumapili, nilijiandikisha siku hiyohiyo na kulipa shilingi 280,000, vifaa na chakula cha mchana vikiwemo. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa karibu yote nitakayoyalalamikia hapa yanaweza kurekebishwa ndani ya wiki moja.

Nianze na mwalimu, ambaye kwa haki anastahili sifa. Alifundisha kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, bila haraka, na hakumruhusu mtu kwenda kina kirefu kabla hajaweza kutoa maji ndani ya miwani kwa kupuliza puani huku amepiga magoti mchangani. Kanuni kuu ya kazi hii, kwamba mzamiaji asizuie pumzi hata kidogo anapopanda, hakuihubiri tu. Alichukua chupa tupu ya soda, akaipindua mdomo chini na kushuka nayo hadi mita tano, akatuonyesha jinsi maji yalivyopanda ndani yake kiasi cha theluthi moja; kisha akapanda nayo polepole, na hewa ikaijaza tena chupa mbele ya macho yetu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa yanayoweza kulipata pafu lililofungwa.

Kasoro ilikuwa kwenye mkanda. Nilifungwa kiunoni risasi za kilo nane, yaani vipande vya madini mazito vya kumsaidia mzamiaji kushuka, kiwango ambacho mwalimu mwenyewe alijifunza kukitumia baharini, nami nikashuka kama jiwe la nanga, nikatua chini kwa makalio na kutimua vumbi la mchanga lililowaziba macho wenzangu wote. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya ziwani yasiyo na chumvi kwa asilimia mbili na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo mtu yuleyule na vifaa vilevile huelea zaidi baharini, na anapoingia ziwani hana budi kupunguza kilo mbili au tatu. Jedwali la muda wa kukaa chini, linaloonyesha dakika ambazo mzamiaji anaweza kukaa katika kila kina bila gesi inayoyeyuka mwilini kumdhuru anapopanda, lililobandikwa ukutani karibu na mitungi, nalo lilikuwa la usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu yake, na kanuni za uzamiaji hutaka hesabu zirekebishwe kuanzia mita 300. Kwa kina chetu cha mita kumi tofauti hiyo haikuwa na madhara, lakini atakayeendelea hadi mita 18, tena mara mbili tatu kwa siku, hawezi kuipuuza.

Lililonikera zaidi ni kwamba mwanafunzi mwenzetu mmoja alikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda Dar es Salaam jioni ileile ya Jumapili, na hakuna aliyemuuliza. Kwa kuwa gesi hiyo huchukua muda kutoka mwilini, aliyezamia mara moja hushauriwa asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia siku mfululizo asubiri saa 18. Swali hilo lilipaswa kuwamo kwenye fomu ya kujiandikisha. Hata kichocho hakikutajwa, ingawa nakiri kwamba walichagua ufukwe wa mawe usio na majani.

Usiku wa Jumamosi kulikuwa na sherehe ufukweni. Migebuka ya kuchoma ilikuwa mizuri kupita kiasi, na ugali wa muhogo ulikuja ukiwa bado wa moto. Hata hivyo muziki ulikoma saa tisa usiku, na somo lilipangwa kuanza saa moja asubuhi. Vijana wawili wasafiri, waliokuja na mabegi yao ya mgongoni wakisubiri boti ya kwenda Gombe, walikunywa bia hadi mwisho na hawakuonekana tena majini. Afadhali hivyo, kwani pombe huukausha mwili, na mwili uliokauka haufai kwenda chini. Nyumba inayouza bia na mafunzo ya kuzamia ingeweza kufanya sherehe yake Jumapili.

Na sasa Jumapili yenyewe. Maji yalikuwa maangavu kiasi cha kuona mita kumi na tano mbele, na kati ya mawe makubwa walizunguka samaki wa kila rangi, wengi wao wa jamii zisizopatikana popote duniani ila katika ziwa hili. Mwalimu alinishika mkono akanielekeza kwenye samaki mmoja mwenye vifaranga kama punje za ulezi vikielea mbele ya uso wake. Tulipokaribia, akafungua kinywa na vyote vikaingia ndani, akafumba, mashavu yamemtuna, akatutazama. Hatua chache mbele, samaki asiyezidi kidole gumba alikuwa akilinda kombe tupu la konokono, ndiyo nyumba yake, na akanirukia kidole mara mbili nilipokisogeza karibu. Miaka yote nimekula samaki wa ziwa hili, na sikuwahi kuwaona wakiwa kwao.

Tangazo lao linadai kwamba utatoka ukiwa mzamiaji kamili. Hilo si kweli: mafunzo ya awali ya mashirika ya uzamiaji kama PADI hudai mizamo minne ya maji ya wazi, nasi tulifanya miwili tu. Unachonunua ni utangulizi, na kwa utangulizi bei si mbaya. Ukienda, omba risasi zipunguzwe kabla hujaingia majini. Mimi niliomba asubuhi ya pili. Mwalimu hakubisha, akaniondolea kilo tatu, na nilipotoka akaniuliza nilivyojisikia, kisha akafungua daftari lake na kuandika pembeni mwa jina langu: kilo tano, ziwani.