Boti ya kukodi mto Pangani: uliza maji kabla ya kuuliza bei

Nimekodi boti ndogo mara mbili kwenda kutembea mto Pangani, na bei zote mbili zilikaribiana. Safari ya kwanza sitaki hata kuikumbuka. Ya pili naisimulia hadi leo. Kilichozitenganisha ni saa ya kuondoka.

Ile ya kwanza nilipangiwa na nyumba ya wageni niliyofikia. Niliambiwa boti huondoka saa tisa alasiri, kila siku. Hapo ndipo ningeshtuka, maana maji ya mto ule, pale unapokaribia bahari, hayana saa moja. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Tunaondoka, maji yalishaanza kupwa zamani. Tukapanda tukishindana nayo, mashine inanguruma, mafuta yanateketea. Kurudi, kwenye saa kumi na moja, tukapanda fungu la mchanga. Baharia akachomeka upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, maji hayafiki magotini. Mto una mamba, nani atashuka kusukuma? Mama yangu alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, hasemi kitu. Tulikaa pale mpaka saa tatu usiku, maji yalipotuinua tena. Watu sita, maboya ya kuvaa mawili, taa ni za simu zetu.

Mara ya pili nilikwenda mwenyewe kivukoni, pale watu wanapovukia kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, nikaulizia nahodha. Kabla ya bei akaniuliza, "Dada, mwezi utakuwa wa ngapi siku hiyo?" Mwezi wa angani. Nilipomtajia siku, akahesabu vidoleni, akasema hayo ni maji mafu, yanajaa saa nne asubuhi na hayana nguvu. Nikisogeza wiki moja hadi mwezi mpevu nitakuta bamvua, yaani maji makubwa yenye nguvu, yajae kama saa kumi jioni. "Tutapanda nayo, tutashuka nayo."

Nikasogeza. Tuliondoka saa nane na nusu, mashine kidogo tu, mto wenyewe ukitusukuma. Mikoko ikapungua, minazi ikaanza. Kwenye kona moja alichota maji kwa kiganja, akanionjesha: bado chumvi. Akasema wazee wa mashamba yale wanalalamika chumvi inapanda juu kuliko zamani, kwa kuwa maji baridi yanatumika mno huko juu, kwenye mabwawa na umwagiliaji. Ukiionja mwenyewe, maneno yale yanakuingia.

Juu kule maji huchelewa kujaa kuliko mlangoni, pale mto unapoingia baharini, kwa hiyo alizima mashine akasubiri. Kumbi la nazi lilikuwa linapanda sambamba na sisi. Likapunguza mwendo. Likasimama, likajizungusha taratibu mara mbili, kisha likaanza kurudi lilikotoka. "Haya, tushuke." Tukateremka karibu nusu saa bila mashine, tunasikia ndege na makasia ya mvuvi mmoja tu. Tulifika mjini jua halijazama.

Watoto walitaka tupitilize hadi mlangoni, baharini. Alikataa, nami namheshimu kwa hilo. Ilikuwa Julai, kusi inavuma. Maji yanayotoka kwa nguvu yakikutana na upepo huo, mlangoni huinuka mawimbi yaliyosongamana, ya kwenda juu, yasiyofaa boti ndogo. Anayetaka kufika huko aende asubuhi upepo haujaamka, tena maji yakiwa yamesimama.

Kasoro niliyoiona: maboya yalimtosha kila mtu, lakini yote ya watu wazima. Binti yangu wa miaka sita lake lilikuwa linampanda hadi masikioni, nikamfunga kwa kanga yangu. Nimemwambia nahodha, na safari ya Desemba nitakwenda na boya lake dogo kutoka Tanga.